Mimi na mume wangu tulivyolenga kopo kwa manati moja, baada ya homa ya uti wa mgongo

Wakuu, amani kwenu.

Siku hiyo nyumbani Masama tulikuwa wanne. Mimi. Mume wangu, Baba Upendo. Baba mkwe, mzee Anaeli. Na mdogo wangu Ndeshi, aliyekuwa amepanda kutoka Kwa Sadala kutuletea unga. Upendo mwenyewe alikuwa shule. Kama ng'ombe anahesabika, basi tulikuwa watano, maana alitutazama mwanzo mpaka mwisho.

Nawataja kwa sababu nikisimulia hili watu husema naongeza chumvi. Ndeshi bado yuko sokoni Kwa Sadala. Anayebisha akamuulize.

Turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikabaki na wadogo watatu. Shamba letu la ulezi lilikuwa kule chini tambarare, na ndege hawajui kwamba huyu ni yatima. Nikajifunza manati. Nililenga mpaka nikawa silengi tena, mkono unajua wenyewe.

Nilipoolewa nikaificha. Mkamwana mwenye manati kiunoni, tena ukweni, mbele ya baba mkwe? Mnaelewa wenyewe.

Ilikuwa ile miaka bei ya kahawa imeanguka, majirani wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Baba mkwe alikataa. Kwake hata tawi bichi la mbuni halikukatwa bila yeye kusimama hapo.

Ndipo Baba Upendo akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Hospitali Moshi mjini alikaa hadi manesi wakawa wananiita kwa jina. Alitoka hai, lakini mkono wa kulia ulining'inia tu. Na kazi yake ilikuwa kupogoa mibuni. Mkasi ndio uliokuwa unatulisha.

Mtaalamu wa mazoezi alitupa mpira mdogo wa kuminya. Akatuonya kwamba mkono usipotumika utabaki hivyo hivyo.

Baba Upendo aliuminya siku mbili, ya tatu akautupa migombani. Ng'ombe akautafuna.

"Mwache," akasema. "Labda yeye utamsaidia."

Kisha jioni moja akaniambia, bila hasira, "Mama Upendo, rudi kwa wadogo zako. Umeshalea yatima, usianze kunilea na mimi."

Nikamwambia uji unapoa.

Lakini wakuu, usiku huo sikulala. Mtu akianza kukuaga wakati bado anapumua, ni jambo serious. Nilimwogopa kuliko nilivyoogopa ile homa.

Siku chache baadaye tumbili akashuka kutoka msituni, akakaa juu ya mkungu wetu wa ndizi ulioiva. Sikufikiri. Niliingia ndani, nikatoa manati yangu ya zamani chini ya godoro, nikapiga shina la mgomba karibu kabisa na mkia wake. Akaruka akaondoka na adabu zake.

Nikasikia kicheko mlangoni. Baba Upendo, kwenye kiti chake.

"Kumbe nimeoa askari."

"Nilikuwa namfukuza tu."

"Umebahatisha."

"Taja kitu."

Akataja kopo la mafuta lililokuwa kwenye uzio. Likaanguka. Akataja ndoo. Ikalia. Tulicheza hivyo kama watoto mpaka akasema, "Lete hapa."

Alishika panda ya manati kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukajaribu kuvuta mpira. Jiwe likaanguka juu ya kidole chake cha mguu.

Akanirudishia manati, akaomba nimwingize ndani.

Nilipogeuka nikamwona baba mkwe amesimama kwenye mibuni. Ameona yote. Nikaificha manati ndani ya kanga, nimechelewa.

Asubuhi nilitegemea kuitwa. Badala yake nikasikia panga. Mzee alikuwa amekata tawi bichi la mbuni, lenye panda nzuri, amekaa analichonga taratibu. Alifunga mpira wa tyubu ya baiskeli, akaweka ngozi ya kiatu chake mwenyewe. Kisha akamwendea mwanawe.

"Ile ya mkeo ni ya mpera, nyepesi. Hii ni ya kahawa. Wewe shika na ulenge. Yeye avute."

"Baba, manati haivutwi na watu wawili."

"Nani kasema?"

Basi tukaanza. Yeye panda mkono wa kushoto, vidole vyake vya kulia kwenye ile ngozi, vidole vyangu juu ya vyake, navuta mimi. Yeye ndiye jicho.

"Juu kidogo. Kushoto. Mama Upendo, usinipumulie shingoni."

"Nisipopumua nitakufa."

"Kufa baada ya kopo."

Sitawadanganya, jioni zile zilikuwa tamu kuliko uchumba wetu. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe mbio mbio ili tuwahi. Tulikosa sana. Tukipata, tunagombana nani kapata.

Sasa ile siku.

Mzee ameketi kwenye kigoda, Ndeshi ameegemea mlango akimchokoza shemeji yake.

"Shemeji, hilo kopo litaota kutu kabla hujaligusa."

"Subiri uone."

Tukaweka jiwe. Tukavuta.

Nikahisi kitu hakipo. Kila siku kiganja changu kilikuwa kinauma kwa uzito wa ule mpira. Sasa hakikuuma. Vidole vyangu vilikuwa vimelala tu juu ya vyake. Mpira ulikuwa unarudi nyuma, na si mimi niliyekuwa nauvuta.

Nikainua kidole kimoja. Mpira ukaendelea kurudi.

Nikainua vyote. Nikarudi nyuma taratibu, hadi mgongo ukagusa ukuta. Mikono yangu yote ilikuwa kichwani.

Yeye hajui. Jicho lake liko kwenye kopo.

"Vuta kidogo tena," akasema. Na ngozi ikarudi kidogo tena. "Hapo hapo. Tulia, Mama Upendo."

Nilikuwa nimetulia kweli. Sidhani kama nilipumua.

Akaachia. Jiwe likapita mbali na kopo, likaingia migombani.

"Umetikisa," akalalamika.

Ndeshi hakucheka. Akasema polepole, "Shemeji, geuka nyuma."

Akageuka. Akaniona nilipo. Akatazama umbali uliokuwa kati yetu, kisha akautazama mkono wake, kama mtu anayetazama mgeni aliyefika bila taarifa.

Baba mkwe alivua kofia, akabaki ameishika kifuani. Mimi nimeshasali makanisa mengi, wakuu, lakini ukimya wa uwanja ule sijaukuta tena.

Msimu uliofuata Baba Upendo alirudi kwenye mkasi, taratibu, miti ya nyumbani kwanza. Neno la mimi kurudi kwa wadogo zangu hakulitamka tena.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimshika mgonjwa, mshike kwa nguvu zote, lakini usizibe hisia za mkono wako. Siku atakayoanza kuvuta mwenyewe, wewe ndiye unayepaswa kujua wa kwanza, na kuachia.

Waliouguza waume, wake au wazazi, andikeni hapa chini mlipojua kwamba sasa amerudi. Nitasoma zote.

Jambo la mwisho. Wiki ile nilimpelekea baba mkwe mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamuuliza nitamlipa nini. Akanywa kwanza.

"Siku nikilala mimi, utanishika hivyo hivyo."

Nikakubali. Sasa amezeeka haswa, na bado anaenda mwenyewe kufungulia maji ya mfereji alfajiri. Juzi nilitaka kumbebea ndoo, akanipokonya, akaniambia niache haraka na deni la watu.

Kwa hiyo bado nadaiwa.