Kama Iko Muntu Mwingine

Kila ninaposikia harufu ya klorini, namwona baba ameinama juu ya Torati. Tulikuwa Wayahudi peke yetu mtaani kwetu Kamina, na baba hakukatiza somo lake la asubuhi ila kwa wajibu ambao hakuna mtu mwingine wa kuutimiza.

Ulikuwa msimu wa kipindupindu, na kila nyumba ilinuka klorini ya kuua vijidudu. Kwa jirani yetu mjane, kikombe cha bati kiligongagonga ukuta wetu kuomba msaada. Mama akaingia pekupeku.

“Ule mujane anatapika toka usiku. Hana na muntu.”

Baba aliweka kidole kwenye mstari, akanigeukia mimi, binti yake.

“Enda uangalie kama iko muntu mwingine wa kumusaidia.”

Nilikimbia. Uani kwa mjane palijaa wanawake waliojiziba pua kwa vitenge. Nikarudi nikihema.

“Bantu beko bengi, Baba.”

Kidole kikaendelea na mstari. Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

“Beko ndani, ao beko inje?”

Ndipo nikakumbuka ule mlango uliokuwa wazi, na hakuna aliyeuvuka. Baba aliinua kichwa. Tulisikiliza sote watatu, lakini kikombe kilikuwa kimenyamaza.