Mbwa wa Marehemu Waziri

Nilipopangiwa kufundisha sekondari Kawetele, kwenye milima ya mvua na baridi, nilitokea Singida, kwenye jua na vumbi, nikiwa na sweta moja jembamba. Mwalimu mwenzangu akanitafutia chumba cha uani kwa mama mmoja mjane.

"Ila kuna mbwa," akaniambia. "Mbwa wa waziri."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Mume wa yule mama alikuwa waziri kwa miaka mingi, akafia Dar es Salaam, wakamleta kuzikwa kwao. Baada ya mazishi mama hakurudi tena mjini. Alibaki kwenye nyumba waliyokuwa wameijenga kwa ajili ya uzee wao, katikati ya migomba, yeye na picha za mumewe ukutani na huyo mbwa.

Alikuwa mbwa mkubwa, manyoya ya rangi ya asali, masikio yamelala. Mimi naogopa mbwa tangu utotoni, kwa hiyo nikasimama getini nimekumbatia begi langu. Akaja taratibu, akaninusa, akageuka na kukaa juu ya viatu vyangu, mgongo ameuegemeza kwenye magoti yangu.

"Ndivyo anavyosalimia," mama alisema kutoka barazani. "Wageni ndio waliomzoesha. Nyumba yetu haikuwahi kukosa wageni."

Kwa ulinzi hakufaa kitu. Aliwakalia viatu wauza maziwa, wazee wa kanisa, hata jamaa mmoja aliyeruka ua kuiba maparachichi. Majirani wakambandika jina la Mheshimiwa. "Anasalimia kama anaomba kura," walisema. Waliniambia kwamba alipofika alikuwa hagusi chochote isipokuwa wali na nyama. Mimi nilimkuta ameshakuwa mwenyeji, anakula ndizi za kupika na maharage na kukanyaga matope bila wasiwasi.

Jioni tulikaa jikoni kwenye moto, maana baridi ya kule haina mzaha, naye mama akanisimulia. Mumewe akitoka bungeni alikuwa anavua tai na kumfunga mbwa shingoni, watoto wa wageni wanacheka mpaka wanalala chini. Asubuhi simu zilikuwa zinaanza kulia kabla hata chai haijachemka.

"Siku hizi simu yangu ikilia ni mtandao unaniuzia vifurushi," alisema siku moja. Akacheka, lakini hakunitazama. Tangu matanga yaishe, hakuna hata mmoja kati ya wale wageni wa zamani aliyekuja kumwona.

Basi kiongozi mmoja mkubwa wa kitaifa akawa na ziara wilayani kwetu. Tuliwapanga wanafunzi kando ya barabara pale Msasani ya kwetu, si ile ya Dar es Salaam, manyunyu yanatulowesha. Mama alikataa kuja.

"Misafara nimeiona ya kutosha," alisema. "Nendeni nyie."

Msafara uliposimama na kiongozi akashuka kusalimia watu, nilimwona mbwa anajipenyeza katikati ya miguu ya wanafunzi wangu. Sijui nani aliacha geti wazi. "Mtoeni huyo mbwa!" mlinzi mmoja alifoka. Nikakimbia, roho juu juu, lakini kabla sijamfikia alishapita kati ya walinzi wawili na kuketi juu ya viatu vyeusi vya yule kiongozi.

Kiongozi akainama. Nikauona uso wake unabadilika. Akamwita mbwa kwa jina lake la zamani, ambalo pale kwetu mama peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia. Mkia ukaanza kupigapiga lami.

"Huyu ni wa marehemu," alimwambia msaidizi wake. Kisha kwa sauti: "Nani amekuja naye?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama yupo?"

"Yupo nyumbani, mheshimiwa. Si mbali."

Magari yakageuzwa. Mbwa alipanda la kiongozi bila kukaribishwa. Mimi nikawekwa la nyuma.

Tulimkuta mama amejifunga kitenge, anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Hakuhangaika kujifuta.

"Shemeji," kiongozi alisema.

"Karibu, shemeji. Pole na safari."

Walikaa barazani.

"Nisamehe," kiongozi akasema. "Kazi zimenibana."

"Mimi sina ugomvi na kazi," mama alijibu, tena bila kupandisha sauti. "Umekula mezani kwangu miaka mingi. Simu tu ungepiga. Leo ungepita ukaenda zako, mimi nikakuona kwenye taarifa ya habari."

Kiongozi akavua miwani, akaifuta, akashindwa kuirudisha usoni. Alikuwa analia. Walinzi wakageuka, wakaanza kutazama migomba. Mama akainuka, akarudi na chai na sahani ya ndizi.

"Kula kwanza. Mkutano wako utasubiri."

Akala. Baadaye niliwasikia wanazungumza habari za marehemu na ile tai, wanacheka, wote wawili wanataka kusimulia kwa wakati mmoja.

Jioni ile mama alikaa kwenye moto, anachochea kuni. Mwishowe akasema, "Nilimkasirikia mpaka nikasahau kwamba tulikuwa tunampenda." Akamwekea mbwa nyama yote iliyokuwa kwenye sufuria. "Ndaga fijo," akamwambia asante sana kwa lugha ya kwao, kama mtu anayemshukuru mgeni aliyeleta zawadi.

Baada ya siku ile yule kiongozi alikuwa anapiga simu. Si kila wiki, lakini alipiga, na mama alikuwa anatoka nje kutafuta mtandao, ananionyesha kwa mkono nimwangalizie chungu.

Nilihamishwa miaka michache baadaye. Mbwa alishazeeka, macho yameingia ukungu, lakini alinisindikiza mpaka barabarani na kusimama hapo hadi gari likaondoka. Nimekaa huku kwetu Singida kwenye jua langu, na mvua ya Kawetele naikumbuka kuliko nilivyotarajia, pamoja na ule moshi na harufu ya manyoya yaliyolowa.

Msimu mmoja wa masika mama alinipigia.

"Mwenzetu ametutoka," alisema. "Asubuhi, amelala zake mlangoni. Nimemzika kwenye migomba. Majirani wamekuja kunipa pole, mwanangu, hata mzee wa kanisa. Nimewapikia chai, tumekaa mpaka mchana."