Jibu Ambalo Bado Sijampa

Siku ile ya usaili tulikuwa watano chumbani. Nilikuwepo mimi, ndani ya shati la marehemu baba lililonipwaya mabegani. Alikuwepo mwenyekiti wa jopo, mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye kikohozi. Alikuwepo mama mmoja aliyeandika kila kitu bila kuinua macho. Alikuwepo mlinzi mlangoni, jirani yetu tuliyechota naye maji kisima kimoja. Na alikuwepo yeye, ofisa wa mradi, mtu wa milimani kusini kwetu, amefunga tai nyekundu. Wa sita alikuwa nje: mdogo wangu wa kike, mwenye miaka kumi, amekaa kwenye benchi chini ya dirisha kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Nawataja wote kwa kuwa wote walisikia.

Ilikuwa Nyamisati, mwendo mfupi kutoka gatini. Mradi wa kupanda mikoko ulitaka msimamizi wa kitalu, na tangazo lilisema elimu ya msingi inatosha. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mama alipomfuata baba na wadogo zangu watatu wakabaki mikononi mwangu. Lakini mikoko niliijua. Baba alikuwa mkata boriti, na tangu nikiwa mdogo nilijua aina zake, mchu unavumilia udongo gani na mkandaa unafia wapi. Nilikwenda nikiamini kazi ni yangu.

Wakaniambia, "Tueleze kuhusu wewe." Nikaeleza kama tunavyoeleza kwetu mtu akitaka kukujua: baba ni wa ukoo huu, kaburi lake liko pale, mama yuko ubavuni kwake, wadogo ni hawa. Mwenyekiti akatazama saa. "Una uwezo gani?" Nikasema sina uwezo wa kutisha, ila nikielekezwa naelekezeka. Kwetu mtu hajisifu, anayejisifu hakulelewa. Yule mama akaandika. Najua aliandika nini.

Ndipo mwenye tai akaegemea kiti, akatabasamu. "Nyinyi watu wa bondeni mti mnaujua kwa shoka tu. Wewe ukipewa mche, si utauchemsha uufanye mboga ya wali?"

Moyo wangu ukatulia. Hatimaye kuna mtu aliyeongea kama watu. Watu wa milimani ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mama alipokufa walikuja wakalizuia jeneza mlangoni mpaka tuwape kitu, na tukacheka huku machozi yanatutoka. Mtani akikurushia neno, unamrudishia. Usipomrudishia umemwambia kwamba yeye si mtu kwako.

Nikamrudishia. "Afadhali mimi mla wali. Wewe mjomba wako ngedere bado anakusubiri huko mlimani, anauliza mkia umeuficha wapi."

Mlinzi akaangua kicheko. Mdogo wangu naye akacheka kule nje, nilimsikia. Mwenyekiti akaacha kukohoa, akamgeukia mwenzake. "Huyu anakutukana?"

Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Ananitania." Yeye ndiye aliyeanza, na alijua. Akaigusa tai yake, akatazama meza. "Ndiyo, mkuu. Ndivyo walivyo hawa."

Mlinzi aliambiwa anitoe. Alinishika kiwiko taratibu kama anayemsaidia mgonjwa. Nje, mdogo wangu alikuwa ameshaacha kucheka. Hakuniuliza kitu mpaka tulipofika nyumbani, na hata hapo aliuliza tu kama tutakula.

Kazi alipewa mtu mwingine. Mimi niliwahamisha wadogo zangu kwenda Mkongo, kwa ndugu za mama, nikashika jembe la mpunga. Wale wawili wa kiume walipopata nguvu wakashika njia zao. Huyu wa kike nilimng'ang'aniza shuleni. Watu walinisifu kwamba nimekuwa baba na mama. Niseme ukweli, sikumsomesha kwa upendo peke yake. Kila nilipoinama kung'oa magugu niliiona ile tai nyekundu, nikang'oa kwa nguvu zaidi. Alipochagua kusomea misitu chuoni sikumshauri, lakini usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miaka.

Mwaka jana, mradi uleule, ambao sasa una ofisi Kibiti, ulitangaza nafasi ya ofisa wa mikoko. Mdogo wangu aliomba, akaitwa kwenye usaili. Tukapata habari kwamba mwenyekiti wa jopo ni yule mtu wa milimani. Amepanda cheo. Nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wakanitazama.

Zilibaki wiki tatu, na mpunga ulikuwa unaiva. Tulifanyia mazoezi juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunachokalia kulinda shamba. Yeye alijibu maswali, mimi nikapiga debe kufukuza ndege. Lakini mimi nilikuwa mpole mno kwake, naye alinijibu kama anavyomjibu kaka: kwa adabu, macho chini. Nikaona nitampeleka akachinjwe kama nilivyochinjwa mimi. Basi nikaenda kumwita bibi mmoja jirani, mjane, mtani wetu kutoka milima ileile. Nilitaka mdogo wangu azoee kuulizwa na mtu mwenye ruhusa ya kumsema vyovyote, naye asiruhusiwe kukasirika.

Bibi alipanda dungu kwa tabu, akakunja miguu. "Haya mume wangu, hiyo intavyuu naanzaje?"

"Muulize yeye ni nani."

"Wewe mla kambale, wewe nani?"

Mdogo wangu akaanza, "Mimi ni mtoto yatima, wa tatu katika..."

"Nimekuuliza msiba?" Bibi alimrushia punje za mpunga. "Nikitaka kulia nina mume wangu kaburini. Mimi nataka kazi yangu ifanywe!"

Tukaanza upya. Siku ya tatu alikuwa anasema: nimesomea misitu, mazoezi ya kazi nimeyafanya kwenye kitalu cha mikoko, na nataka kuifanya hapa kwa sababu mto huu naujua. Maneno machache, halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikompa shida zaidi.

"Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Mkiona nafaa..."

"Nani kakwambia nina macho? Mimi kizee, nionyeshe!"

Akamwonyesha. Akasimulia jinsi miche ya mazoezini ilivyoliwa na kaa, na jinsi alivyoihamishia mahali pa juu kidogo na kungoja ikomae kabla ya kuirudisha. Bibi aliacha kutafuna. "Hapo sasa nimekuona," akasema.

Kwenye udhaifu tulikwama siku nzima. Alitaka kusema hana. Bibi akamwambia asiye na udhaifu ni maiti. Mwishowe akasema huchelewa kuomba msaada, kwa sababu amelelewa na mtu asiyeomba. Chuoni alijifunza kuuliza mapema, maana mche ukishakauka hausubiri. Niligeuka nikapiga debe, ingawa hapakuwa na ndege.

Swali la mwisho nilikuwa nimemwandalia mwenyewe. Jopo huuliza, "Una swali lolote kwetu?" Nilitaka amtazame yule mtu usoni, aseme: "Mtani akianzisha utani, kisha akasema katukanwa, kwenu anaitwaje?" Nilimkaririsha. Alilisema mara mbili, mara ya tatu akakataa.

"Kaka," akasema, "mimi nataka kazi. Wewe unataka kichwa cha mtu."

"Vyote vinapatikana mlango mmoja."

Bibi akadakia. "Utani ukishaoza, mume wangu, unanuka mikononi mwa aliyeushika."

Nilimwambia mdogo wangu kwamba swali ni hilo.

Siku ya usaili nilimsindikiza Kibiti. Safari hii nilikaa mimi kwenye benchi chini ya dirisha. Nilimsikia akijieleza bila kaburi hata moja. Nilisikia kaa, na miche, na kule kuchelewa kuomba msaada. Niliitambua sauti yake yule mtu. Ilikuwa imenenepa tu. Ikafika zamu yake ya kuuliza swali, nami nikatega sikio.

"Ninalo moja," mdogo wangu akasema. "Miche ya kwanza ya mradi huu kule Nyamisati ilikufa yote. Ilikosa nini?"

Halikuwa swali langu. Yule mtu akajibu, "Tulikosa msimamizi anayeijua mikoko."

"Alikuja," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa nje, kwenye benchi. Mlimtoa."

Nikamsikia akisema asante, na kiti kikasogezwa.

Alitoka, akaketi karibu yangu. "Nimeiharibu," akanong'ona. Kwa mara ya kwanza niliogopa: labda nilikuwa nimemchoma mtoto wangu niliyemlea ili nimuunguze mtu mwingine.

Jopo lilipopumzika yule mtu alitoka. Hakuwa na tai. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alinitazama, akanijua.

"Nyinyi watu wa bondeni," akasema kwa sauti ndogo, "bado mnakula wali tu?"

Alikuwa ananiomba radhi. Najua utani unaombaje. Ningemtupia ngedere mmoja tu, tungecheka, na yote yangekwisha pale pale mbele ya mdogo wangu. Neno lilishanifika mdomoni. Nililimeza. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaondoka, na yeye akabaki amesimama mlangoni akiwa ametania bila kujibiwa.

Barua ya kazi ilikuja mwezi uliofuata, ina sahihi ya yule mtu. Mdogo wangu sasa anakwenda Nyamisati kila wiki, na miche imeshika. Akija Mkongo huniletea salamu zilezile.

"Kaka, mkuu anauliza jibu lake liko wapi. Anasema unamdhulumu."

Bibi mtani naye hunisema kwamba hakuna deni zito kama la utani, na kwamba mmoja wetu atakufa nalo.

"Mwambie," humjibu mdogo wangu, "bado naliandaa."