Kumfuata Mtoto Yiti, Mwaka wa Bomu la Jirani

Sikwenda Yiti, kijiji cha pwani nje ya Maskati, kutembea. Nilikwenda kumchukua mwanangu Salma, mtoto wa mwaka na nusu, aliyetoroshwa na mavyaa wangu, Bi Zuwena, mimi nikiwa kazini. Ilikuwa 2002. India na Pakistan wamepanga majeshi mpakani, kila mmoja na bomu lake la nyuklia, na sisi Maskati tuko ng'ambo ya bahari tu. Nyinyi wa Unguja mlisikia kwa mbali. Huku dobi wetu Mhindi na muuza mboga Mpakistani walishaacha kusalimiana. Narudi nyumbani Sidab, kitanda cha mtoto kitupu. Jirani ananiambia, "Bibi yake kampeleka Yiti. Kakimbia bomu."

Nikampigia simu mume wangu, Nassor, kazini kwake Suhar. Akasema, "Mama anajua afanyalo." Nikamkatia, nikachukua gari ya kaka yangu.

Baada ya Wadi Kabir milima ikaanza, mikavu, rangi ya kutu, hata mbuzi wa pale wana uso wa kujutia. Nikipanda nilikuwa napanga maneno makali. Nikiteremka yakawa hayasemeki mbele ya watu.

Yiti yenyewe nzuri, siidhulumu: mitende, mchanga mpana, na bahari. Bahari ile ile! Mtu kakimbia bomu la ng'ambo, kaenda kukaa mlangoni kwake.

Nilimkuta mavyaa barazani kwa shemeji yake, Ami Said, mstaafu wa jeshi. Salma anakula tende kwa mikono miwili, hana habari na mama.

"Marahaba," akasema mavyaa, na mimi sijamwamkia.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Hatoki hapa mpaka waache kutishana."

Ami Said akanimiminia kahawa. "Kaa, mwanangu. Bomu lile halirushwi kama jiwe. Lina kamandi yake." Akaeleza. Zamani kwa Wamarekani ndege za mabomu zilikuwa na kamandi yake, nyambizi zikashikwa na jeshi la majini. Warusi walipovunjika, mwanzo wa miaka ya tisini, Wamarekani wakaweka yote chini ya jemadari mmoja. Hawa jirani zetu ndiyo kwanza wanajenga zao.

"Na huyo jemadari kazi yake nini?"

"Kumfanya adui ajue kwamba akipiga atapigwa. Miaka ikipita hawajarusha, ndiyo wamefanya kazi."

"Kulipwa kwa kutofanya kitu," nikasema. "Mtu wa hivyo nnamjua, nimeolewa naye."

Mavyaa akaficha kicheko kwa mtandio.

"Tena jemadari mwenyewe haamui," Ami akaendelea. "Amri hutoka kwa rais. Na kule chini ya ardhi, kwenye makombora, hukaa maafisa wawili. Mmoja peke yake hawezi."

Nikamgeukia mavyaa. "Umesikia? Bomu linataka watu wawili. Mwanangu kachukuliwa na mmoja! Na kama kweli lilikuwa linakuja, mimi uliniacha Sidab nife?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akamfuta Salma mdomo, polepole.

"Unguja, yale mapinduzi," akasema, "nilikuwa na mtoto kifuani kama huyu. Kila mtu ananambia kimbia. Mimi nikangoja mume wangu aje aseme twende. Nilingoja mpaka mlango ukavunjwa. Safari hii nikasema singoji mtu."

Ami Said akatazama kikombe chake. Maneno yangu yote ya njiani sikuyaona tena.

"Mama," nikasema, "kazini kwangu kuna simu."

"Nnajua."

"Ungenipigia ningekuja. Mbio."

"Ungenibishia."

"Ningekubishia ndani ya gari."

Baada ya magharibi, mavyaa keshaahidi kwamba siku ya kukimbia atanipigia kwanza, tuliondoka watatu kurudi Sidab: mimi kwenye usukani, mavyaa nyuma, Salma amelala mapajani mwake. Njia nzima alinikosoa nnavyopinda kona. Nikamwacha.

Nilichokipata Yiti ni hiki. Bomu wasilirushe mpaka wawili wakubaliane, na kheri wasikubaliane abadan. Kukimbia, mmoja anatosha kuanza. Lakini ampitie mwenziwe.