Uvimbe Usiouma wa Mzee Bazilio

Bazilio Ndayikunda alikuwa mrina asali nje kidogo ya mji wa Kibondo. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mwaka sabini na mbili, akaoa, akalima mihogo, akatundika mizinga msituni, na uzeeni akapata uraia. Nyuki walimuuma maisha yake yote. Kwa hiyo kipele kilipomtoka shavuni, chini ya jicho la kushoto, hakukijali.

"Hiki si cha nyuki," mkewe, Theodosia, alimwambia. "Cha nyuki kinauma, kisha kinanywea. Hiki kinakua."

"Hakiniumi, Mama Venanti."

Kilikuwa chekundu cha kuelekea zambarau, kigumu, kinang'aa. Maharage yalipovunwa kilishakuwa kikubwa kama njugu mawe. Zahanati walikiita jipu, wakampa vidonge. Hakikuiva wala kupasuka. Ndipo Theodosia akampandisha basi hadi hospitali moja ya Kasulu, wakapokelewa na daktari kijana aliyeitwa Firdausi.

Firdausi alikibonyeza, kisha akampapasa chini ya taya na shingoni, taratibu.

"Kinauma, baba?"

"Hata kidogo."

Jibu hilo halikumpendeza. Alikata kinyama, akakipeleka Mwanza kupimwa. Majibu ya kwanza yalisema ni saratani, huenda imetokea mapafuni ikasambaa. Bazilio akapigwa picha ya kifua. Mapafu yalikuwa safi. Firdausi akaomba kinyama kipimwe upya kwa dawa zinazotofautisha seli, na safari hii jibu likaja kamili.

Aliwaketisha wote wawili.

"Ni saratani ya ngozi, baba, aina adimu sana. Seli zake zinafanana na zile za neva na zile zinazotengeneza homoni. Huwapata zaidi wazee, na inakwenda mbio. Mimi mwenyewe niliisoma tu, sijawahi kuiona."

"Inaitwaje?"

"Merkel."

Bazilio alijaribu kulitamka jina hilo, likamshinda. Theodosia alishika kichwa. "Mana yanje," alisema, Mungu wangu, akaanza kulia. Bazilio alitazama feni ikizunguka darini. Alijua kwamba sasa anapaswa kuogopa, akaisubiri hofu. Haikuja.

"Sawa," alisema. "Basi la Kibondo bado lipo?"

Nyumbani majirani walikuja kumpa pole. Aliwasikiliza kama watu wanaozungumzia mgonjwa wa nyumba nyingine. Alikwenda kwenye mizinga, akasimama chini ya mti, akarudi bila kukumbuka alichofuata. Usiku alilala vizuri. Hilo ndilo lililomtisha Theodosia.

Mwanza walimkata uvimbe pamoja na tezi moja ya shingoni iliyokwishaingiliwa na saratani, kisha wakampa tiba ya mionzi. Mkewe alikaa naye muda wote.

"Baba Venanti, unaogopa?"

"Sijui. Nikiogopa nitakwambia."

Mwaka uliofuata walirudi kwa Firdausi. Alimpapasa shingo kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Sioni kitu, baba. Inaweza kurudi, kwa hiyo msiache kuja. Ila leo sioni kitu."

"Sawa."

"Hufurahi?"

Bazilio alilifikiria swali hilo kweli. "Labda nikifika nyumbani, Daktari."

Walifika mchana. Theodosia aliwaeleza majirani, nao wakapiga vigelegele. Bazilio alimshika mkono kila mmoja, akashukuru, akavua viatu, akaingia ndani kulala.