Nilijitia Ustaarabu Kortini, Shangazi Akapoteza Shamba

Wasomaji, nitukaneni tu. Ulimi wangu ndio uliomnyang'anya shangazi yangu shamba lake, na hakuna aliyenikaba koo niseme nilichosema. Nilijipendekeza mwenyewe!

Sisi ni Wanubi wa Kibra, watoto wa maaskari wa keya, lile jeshi la Mwingereza. Shangazi Zenabu, dada ya baba, alivuka mto akalima upande wa Kawangware, kwenye kipande cha mzungu mmoja aliyekwenda Ulaya akasahau kama ana ardhi. Akapanda mahindi na migomba, akazungusha ua, akajenga nyumba ya udongo. Hakumwomba mtu. Alipoanza nilikuwa kijana tu. Nimeoa, nimezaa, bado yuko pale.

Siku moja mzungu akarudi, kitambi mbele, anataka kuuza. Akamwambia shangazi afungashe.

"Fungasha wewe," shangazi akamjibu. "Si ndiwe uliyekuja juzi!"

Tukaenda kwa wakili mmoja Mhindi huko mjini. Akatuambia, "Kule Kibra ardhi ni ya Serikali. Hata mkae mpaka meno yadondoke, hampati kitu. Lakini hii ni ya mtu binafsi. Mama huyu akiwa amekaa miaka kumi na miwili mfululizo, waziwazi, bila ruhusa, na mwenyewe hakumtoa, anaweza kuiomba korti iseme ni yake."

"Bila ruhusa?" nikashangaa.

"Bila ruhusa. Akikuruhusu, wewe ni mgeni wake tu. Mgeni hahesabiwi miaka."

Loh! Sheria gani hii inayompenda mvamizi?

Wakili akapeleka maombi kortini, mzungu akapewa nakala ajibu. Akajibu kwamba yeye hamjui shangazi hata kidogo. Wakili wetu akacheka: "Ametusaidia huyu! Asiyemjua angemruhusuje?" Jaji akaja mwenyewe kulitazama shamba, viatu vikajaa matope, akaona ua ulivyochakaa kwa uzee. Majirani wa Kawangware wakaapa kwamba wamemwona shangazi pale miaka yote hiyo. Kesi tulikuwa tumeishika mkononi, jamani!

Nikabaki mimi, shahidi wa mwisho. Nimeazima koti, tarbushi imekaa sawasawa. Wakili wa mzungu akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo ninyi mliingia ardhi ya watu kama wezi?"

Mimi, mtoto wa sajini, mwizi? Mbele ya wazungu wote wale? Damu ikanichemka.

"La, Bwana! Sisi ni watu wa heshima. Nilikwenda mwenyewe kumwomba Bwana huyu, akasema tulime tu."

Uongo mtupu! Sikuwahi kusema naye hata neno moja maishani mwangu.

Mzungu akanikodolea macho. Kisha, mlaaniwa yule, akatabasamu. "Aa, ndiyo! Sasa nakumbuka. Kijana huyu ni rafiki yangu."

Wakili wetu akaruka kupinga. Jaji akamwambia, "Lakini shahidi ni wako." Nyuma yangu nikamsikia shangazi: "Ya Rabi, nani kamleta punda huyu?" Mkalimani akaona haya kutafsiri.

Tukashindwa. Nyumba ikabomolewa, migomba ikafyekwa. Shangazi alisimama ng'ambo ya mto akitazama, hakulia. Hilo ndilo linalonitesa. Angelia, ningejua la kufanya.

Siku hiyo hiyo akahamia kwangu na godoro lake kichwani, bila hata hodi. Nikaanza kusema, "Karibu, shangazi..."

"Nyamaza!" akafoka. "Usinipe ruhusa!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Basi wewe unayeitwa kortini kueleza habari za shamba, sema yaliyotokea, hata yakikuonyesha kuwa mhuni. Mimi nilitoka pale mstaarabu kabisa, rafiki wa mzungu. Shangazi alitoka hana hata pa kupanda mchicha.