Namba Saba za Vijiji Vitatu

Mzee Benno Kapinga wa kijiji chetu cha Maguu ana kahawa nzuri kupita zote. Hilo hatukulijua kwa kuonja. Tuliambiwa naye mwenyewe, hata kanisani wakati wa kutakiana amani. Mimi ni jirani yake, kwa hiyo nimeambiwa zaidi ya wengine, na nimechoka.

Vyama vyetu vya wakulima vilipokubaliana kupeleka sampuli kwa waonjaji mjini, Benno alikuwa wa kwanza kufika na mfuko. Mwenye mfuko ambao ungeongoza ndiye angewafundisha wakulima wa vijiji vyote, na Benno aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu kingine. Katibu akabandika namba bila kufuata zamu, na mfuko wake ukapata saba.

Majibu yalikuja kwenye simu, mafupi tu: namba saba imeongoza. Benno akachinja nguruwe siku hiyohiyo. Tulikula na kumpongeza. Sikuona sababu ya kugombana na nyama. Kumbe wenzetu wa kijiji cha Matiri nao walikuwa na namba saba yao, na walikuwa wanacheza ngoma ya mganda. Namba saba wa Kigonsera alikuwa ameshaomba misa ya shukrani. Kila chama kilikuwa kimeanza kuhesabu na moja, utadhani kahawa yake haitoki kijijini. Mifuko ikachanganyika mjini, na mwonjaji alikuwa ameshautema ushahidi.

Bibi Shamba wetu, Loveth, ambaye ametoka Tanga na anavaa sweta mbili hata adhuhuri, akaita kikao cha vyama vyote. Alisema namba tupu ikishatoka kijijini haimwambii mtu kitu. Alama ya mfuko ijieleze yenyewe, na wote tuiandike kwa mtindo mmoja. Benno alimuunga mkono kwa sauti kubwa, akataka jina liandikwe. Tukamkumbusha kwamba Maguu tuna akina Benno Kapinga wengi, mmoja wao mwizi wa ndizi. Basi tukapatana: kijiji, halafu ntambo, yaani kilima cha ukoo lilipo shamba, halafu jina la mwenye shamba. Benno akatangaza kwamba sasa hakuna wa kumnyang'anya ushindi.

Mke wake, Gertruda, akaomba liongezwe jina la aliyeianika kahawa. Alisema kahawa ya shamba moja inaweza kupita katika mikono tofauti. Benno akacheka, akasema andikeni tu, shamba si ni lake. Hakujua anachokikubali.

Nieleze wanavyofanya kazi. Maguu kuna baridi, na Benno anapenda kuota moto. Kichanja chake cha kuanikia kahawa amekijenga ubavuni mwa jiko, ili aigeuze bila kuuacha moto. Gertruda anaanika sehemu yake kule juu penye upepo, na jua likizidi anaifunika. Msimu uliofuata kila mmoja alipeleka mfuko wake.

Siku ya majibu nilifika mapema nipate nafasi ya mbele, na sioni aibu kusema. Loveth akasoma ya kwanza katika vijiji vyote: Maguu, ntambo wa Kapinga wa Juu, shamba la Benno. Benno akasimama, akainua mikono, tukapiga makofi. Loveth akasubiri tunyamaze, akamalizia: imeanikwa na Gertruda.

Mikono ikashuka kidogo. Loveth akaendelea kusoma mpaka ya mwisho kabisa. Maguu, ntambo uleule, shamba lilelile, imeanikwa na Benno. Inanuka moshi wa kuni.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikamwonea huruma, maana alikuwa amebaki amesimama peke yake. Aliuliza kama haiwezekani huyo akawa Benno mwingine. Loveth akamwonyesha alama. Ilikuwa wazi, kama alivyoitaka mwenyewe.

Gertruda akaenda kumshika mkono.

"Baba Restituta," akasema taratibu, "leo kihamishe kichanja. Kesho uje darasani kwangu na wenzako."